Cheni Niliyoikaza Mwenyewe

Kitanga, Kasulu
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Rehema,

Umekwenda kuwaaga rafiki zako, na baba yako yuko uani anafunga begi lako kwa mara ya tatu, maana kila akilifunga anakumbuka kitu. Nimemwachia yeye mambo ya blanketi, dawa, na namba za simu za ndugu zake wa Kibondo utakakolala kesho. Ameshakuandikia karatasi nzima, na najua utaisoma kwa sababu ni yake. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja ambalo nimelichelewesha miaka mitatu, na kama nisipoliandika leo utafika Gwarama, kwenye kazi yako mpya, bila kulijua.

Jumapili, wageni walipokuja kukuaga, Mama Domitila alikuletea mfuko wa maharage. Ukaupokea kwa mikono miwili kama tulivyokufundisha, halafu ukacheka ukasema, "Mama Domitila, haya nikiyapakia si yatanivunja mguu kama wewe?" Watu wote wakacheka. Hata yeye alicheka, ukaliona lile pengo lake la mbele. Kisha akanigeukia mimi. Hukuona, ulikuwa unawamiminia wageni chai. Aliniangalia tu kidogo, akarudi kwenye kikombe chake.

Sikulaumu. Kitanga nzima inautania mguu wa Domitila na maharage yake. Ulirudi likizo kutoka chuoni mwaka ule wa 2012 ukalikuta tayari ni jambo la kuchekesha, kwamba Domitila alipakia maharage mengi kwenye pikipiki ya zahanati, wakaanguka, akavunjika. Lakini si maharage, Rehema. Ni mimi. Ni cheni ambayo niliikaza kwa mikono yangu.

Unamjua Mama Domitila kama jirani wa kukupa mihogo, lakini hujui alivyokuwa kwangu. Nilipoletwa hapa kikazi kutoka Handeni, muuguzi mpya, sikujua neno hata moja la Kiha. Mama wa kwanza niliyemzalisha alikuwa analia kwa lugha nisiyoielewa, na mimi nampigia kelele kwa Kiswahili asichokielewa. Domitila alikuwa msichana tu, amemsindikiza shangazi yake. Wazazi wake walivuka naye kutoka Burundi akiwa mgongoni, akakulia hapa, na lugha zote mbili zilikuwa mdomoni mwake. Akasimama upande wa kichwa cha yule mama, akawa ananigeuzia maneno, huku na huku, mpaka mtoto akatoka. Tangu siku ile akawa ananiita muganga, kama watu wa hapa wanavyomwita kila mtu wa zahanati. Baadaye akawa mhudumu wa afya wa kijiji. Tukaenda wote vitongojini kwa miguu miaka na miaka, mimi na mkoba, yeye na sanduku la chanjo kichwani.

Pikipiki ililetwa zahanati mwaka huo wa 2012. Mganga msaidizi alikuwa na matatizo ya mgongo, kwa hiyo ikabaki mimi. Mwanamke wa umri wangu! Fundi Gidioni, yule mwenye karakana ya mabati pale njia panda, alinifundisha kwenye uwanja wa mpira wa shule anayofundisha baba yako. Nilianguka mara nne siku ya kwanza, na wanafunzi wakahesabu kwa sauti. Lakini nilijua, na nilipojua nilijiona. Nakuambia ukweli, nilijiona sana. Nilikuwa napita katikati ya Kitanga nimevaa gambuti na kilemba, nikipiga honi hata pasipo na mtu.

Basi siku moja nikiwa napita mbele ya kijiwe cha bodaboda, nikasikia kitu kinagonga chini, na injini ikawa inaunguruma bila pikipiki kwenda. Cheni ilikuwa imelegea siku nyingi, ikaruka kwenye sproketi, lile duara la meno linaloishika, ikawa inaburuzika mavumbini. Vijana wa kijiwe wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Muganga, pikipiki yako imevua suruali!"

Ni utani wa kawaida. Wewe ungecheka nao ukamalizana nao. Mimi niliusukuma ule mzigo mpaka kwa Gidioni nikiwa nimekunja uso. Akairudisha cheni, akanionyesha jinsi ilivyokuwa inaning'inia. Akasema, "Mama, leo nimeirudisha tu. Nina injini ya mtu nimeifungua hapa. Ilete Alhamisi niirekebishe vizuri, na nikuonyeshe na wewe." Nikasema sawa.

Sikungoja Alhamisi. Jioni ile ile niliisimamisha pikipiki uani kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likining'inia hewani, nikachukua spana. Nilichokuwa nacho kichwani ni kitu kimoja, kwamba isilegee tena. Nikakaza upande wa kulia, nikakaza upande wa kushoto, nikaibonyeza kwa kidole. Ikawa bado inacheza kidogo. Nikakaza tena. Mwishowe ilikuwa imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo iliyovutwa na watu wawili, na mimi nikajipongeza. Baba yako alipita akauliza, "Umeshaweza na ufundi?" Nikamwambia, "Ni kitu gani cha kunishinda hapa?"

Nataka uelewe nilichokosea, kwa sababu ni kosa ambalo mtu mwenye akili timamu hulifanya akidhani anajilinda. Cheni iliyolegea unaiona na unaisikia, inapiga kelele, inaning'inia. Cheni iliyokaza kupita kiasi inapendeza macho. Unaitazama unaona kazi nzuri. Lakini pikipiki ikiwa imesimama bila mtu, gurudumu la nyuma liko chini, na cheni ina nafasi. Ukikaa, mkono wa chuma unaoshika gurudumu unapanda, na umbali kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma unaongezeka. Ile nafasi inaliwa. Akikaa na mtu wa pili, inaliwa zaidi. Ukiingia kwenye shimo mkiwa wawili, inaisha kabisa. Kama uliiacha bila nafasi tangu mwanzo, hapo inavuta nini? Inavuta beringi, inavuta shafti ya giabox, inajivuta yenyewe. Mimi niliipima hewani, haina hata kuku juu yake.

Siku mbili baadaye, asubuhi ya ukungu, walikuja kutuita. Kulikuwa na mama ameshikwa na uchungu tangu jana yake katika kitongoji cha juu, ng'ambo ya bonde, na mtoto hatoki. Nikamchukua Domitila. Alikuja na mfuko mdogo wa maharage amefunga kwenye kanga, zawadi ya mzazi, kama wanavyofanya hapa. Mfuko mdogo, Rehema. Ungeweza kuubeba kwa mkono mmoja ukiwa na mwavuli kwenye mwingine.

Hatujafika hata nusu ya njia akaniuliza masikioni, "Muganga, mbona iki kitu kinalia?"

Kweli ilikuwa inalia, mlio mwembamba kama wa mbu, unapanda kila nikiongeza mwendo. Nilikuwa nimeusikia tangu zahanati. Nikamjibu, "Cheni imekazwa vizuri sasa, ndiyo mlio wake."

Aliniamini. Alikuwa ameniamini miaka zaidi ya ishirini, kwa nini aache siku hiyo?

Kwenye mteremko wa kuingia bondeni kuna mahali maji ya mvua yamekata barabara. Nilipunguza mwendo, nikaingia kwenye ule mfereji, pikipiki ikazama, na pale pale nikasikia mlipuko mdogo chini ya mguu wangu. Cheni ilikatika. Haikudondoka barabarani kama ile siku ya kijiwe. Ilijikunja mbele, kwenye sproketi ndogo, ikajisokota, gurudumu la nyuma likakwama papo hapo. Tukalala upande wa kushoto. Mimi nilirushwa majanini nikachubuka kiwiko. Domitila mguu wake ulibaki chini ya chuma.

Nilipoinyanyua pikipiki niliona mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Hakupiga kelele. Alikuwa anapumua kwa meno. Maharage yalikuwa yametawanyika barabara nzima, mekundu juu ya udongo mwekundu, huwezi kuyatofautisha. Nikakata vijiti viwili, nikaufunga mguu kwa kanga yake ile ile. Nilikuwa nalia. Akanishika mkono akasema, "Nenda."

"Nakuachaje hapa?"

"Nenda, muganga! Mimi sizai leo!"

Kina mama wawili waliokuwa shambani walifika, nikamwacha nao, nikapanda kile kilima mbio na mkoba wangu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Nilimgeuza, na kabla jua halijafika kichwani alikuwa ametoka analia, na mama yake mzima. Ningechelewa kidogo sijui ningekuta nini. Mguu uliovunjika ndio ulionituma niende.

Niliporudi bondeni walikuwa wameshambeba Domitila kwa machela ya miti. Pikipiki ilikuwa bado pale, na watu wamejaa. Mtendaji wa kijiji alikuwa amesimama anayatazama maharage yaliyomwagika. Akaniambia, akitikisa kichwa, "Mzigo huu, eh, muganga?"

Sikupanga uongo wowote njiani. Kichwani mwangu kulikuwa na yule mtoto tu. Lakini ule uongo alinipa mtu mwingine, umeshaiva, nikaupokea. Nikasema, "Ndiyo. Mzigo ulizidi." Jioni nikaandika maneno hayo hayo kwenye daftari la matukio la zahanati: chanzo, mzigo wa abiria kuzidi. Nikaweka sahihi yangu.

Nilikuwa najua? Nimejiuliza sana. Siku ile ningeweza kuapa kwamba sijui. Niliusikia ule mlio, niliikaza mwenyewe, niliona cheni imekatika, na bado niliweza kutojua. Mtu anaweza kufanya hivyo na kichwa chake. Ogopa sana hilo kuliko malori ya barabara ya Kibondo.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumwona hospitalini Kasulu. Mguu uko kwenye plasta, umening'inizwa. Aliponiona aliinua kichwa akasema, "Muganga, nisamehe. Ni ibiharage vyangu. Nimekuharibia pikipiki ya serikali."

Na mimi nikamwambia, "Usijali. Yameshapita."

Soma hapo tena, mwanangu. Alilala pale mguu umevunjika kwa mkono wangu, akaniomba msamaha, na mimi nikamsamehe.

Nilipotoka pale nilipitia kwa Gidioni. Alikuwa ameibeba pikipiki kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ile cheni ilikuwa mezani kwake vipande viwili. Akaizungusha sproketi ya mbele, ikasaga kama ina mchanga ndani. Beringi ilikuwa imekufa. Akauliza bila kuniangalia, "Mama, nani aliikaza hii?"

Nikasema, "Sijui."

Gidioni hana ncha ya kidole kimoja cha mkono wa kulia. Alinionyesha siku ile kwa mara ya kwanza. Akaniambia, "Hiki nilikipoteza Kibondo nikiwa najifunza kazi. Niliwasha injini nikatia gia ili cheni izunguke yenyewe, niipake oili haraka. Watu walipouliza, nilisema fundi wangu aliiwasha bila kuniambia. Alifukuzwa pale. Sijamwona tena." Akachukua kitambaa akafuta mikono. Akaanza kunifundisha kukaza cheni, kana kwamba nimemwomba, na mimi nikasimama pale nikajifunza huku uso unaniwaka.

Alichonifundisha ndicho nilichokufundisha wewe, lakini ulikuwa unaniharakisha, kwa hiyo nakuandikia. Injini izimwe, gia iwe huru. Shika cheni ya chini, katikati kati ya sproketi mbili, uisukume juu na kuivuta chini. Kwa pikipiki hii utakayosafiri nayo, nafasi hiyo yote ni kama upana wa vidole viwili vyako. Ukipewa pikipiki nyingine usiende na vidole vyangu, tazama kitabu chake au karatasi iliyobandikwa ubavuni, kila moja ina kipimo chake. Halafu usipime mahali pamoja ukaridhika. Zungusha gurudumu kidogo kwa mkono, pima tena, zungusha, pima. Cheni hailiki sawasawa, ina sehemu iliyokaza na sehemu iliyolegea. Rekebisha ukiwa kwenye ile sehemu iliyokaza zaidi, maana ndiyo itakayokatika. Kama tofauti ni kubwa sana, cheni imekwisha, hakuna spana ya kuiponya.

Kisha legeza nati kubwa ya ekseli ya nyuma, ndipo uguse zile nati ndogo za kurekebishia, kulia na kushoto, mizunguko ile ile. Kuna alama zimechorwa pande zote mbili, zisome. Upande mmoja ukitangulia, gurudumu litakaa kombo na cheni itakula meno ya sproketi. Kaza nati kubwa, halafu pima upya, kwa sababu kule kukaza kwenyewe huivuta. Kanyaga breki ya nyuma uone, maana gurudumu likirudi nyuma breki inabadilika. Watu wengi hurekebisha cheni vizuri wakaenda kufa na breki. Mwisho mtu akae juu yake, na wa pili nyuma yake kama utapakia, uguse tena. Lazima ibaki na pumzi. Iwe na kidogo cha kuchezea hata mkiwa mmejaa.

Nilijua yote hayo mwezi ule ule. Na bado nilikaa na uongo wangu msimu mzima wa mvua.

Domitila alitolewa plasta, mguu ukaunga na kupinda kidogo. Hakutaka tena kupanda pikipiki. Tukiitwa kitongojini alisema, "Tangulia, nitakufuata," akaja kwa miguu akichechemea, mikono mitupu. Alikuwa mtu asiyeingia nyumba ya mzazi bila chochote mkononi. Sasa hakubeba hata ndizi moja. Siku moja tulikuta mwanamke amejifungua, na Domitila akamwambia, "Sikukuletea kitu, mwenzangu. Mizigo yangu ina balaa." Aliyasema kwa utani, watu wakacheka. Usiku ule sikula. Baba yako aliponiuliza ndipo nikamwambia, yeye wa kwanza. Akasema, "Umeniambia mimi wa nini? Mguu si wangu."

Asubuhi nikaenda. Alikuwa uani kwake anapiga maharage makavu kwa fimbo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri, na yote yakapotea. Nikasema, "Domitila, hayakuwa maharage. Niliikaza cheni vibaya. Mlio ule ulikuwa wa cheni. Niliujua nikakudanganya, nikamdanganya mtendaji, nikaandika kwenye daftari."

Akaendelea kupiga. Fimbo tatu, nne. Kisha akaiweka chini.

"Oya," akakataa kwa Kiha, taratibu. "Subiri. Kwa hiyo siku ile hospitalini, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua na sijui."

"Usinipe maneno ya kusoma, muganga. Ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akakaa kwenye kigoda. Akaushika ule mguu kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mguu wa mtoto. Akasema, "Mguu ningekusamehe siku ile ile barabarani. Chuma ni chuma. Lakini nilikuomba msamaha. Nimelala pale, nimekuomba, na ukanisamehe! Rudi kwako."

Nikarudi kwangu. Nilidhani nikisema ukweli nitapumua. Wanaosema ukweli unatua mzigo labda hawajawahi kuusema kwa mtu waliyemdhulumu. Ulichotua wewe, mwenzako ndiye anaubeba siku hiyo. Mpe muda wake. Usikae pale ukingoja akufurahie.

Nilichukua daftari la matukio, nikaukata ule mstari, nikaandika juu yake kilichotokea, nikaenda nalo Kasulu kwa bosi wangu. Nilipewa barua ya onyo, na pikipiki nikanyang'anywa miezi mitatu. Nilisema pia kwenye mkutano wa kijiji, kwa mdomo wangu, baba yako akiwa amekaa mbele. Unajua walifanya nini? Walisikiliza, wakatikisa vichwa, na baada ya mwezi wakarudi kwenye maharage yao. Ukweli haukuwa unachekesha. Nilitaka kuwafuata mmoja mmoja kuwasahihisha.

Miezi hiyo mitatu nilitembea kwa miguu kwenda vitongojini, peke yangu, na Kiha changu kibovu. Wiki ya tano au ya sita hivi, nikiwa napandisha kile kilima, nikasikia hatua nyuma yangu, moja nzito moja nyepesi. Nilizijua. Sikugeuka. Akanifikia, akatembea pembeni yangu muda mrefu bila salamu. Halafu akasema, "Wale wazazi wa juu wananiambia unawaambia wasukume wakati unataka wapumzike. Utaua watu."

Nikacheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Yeye hakucheka. Akasema, "Bado nina hasira. Lakini hasira hainizuii kutembea." Tukafika juu. Akasema tena, "Wakikurudishia pikipiki, sitapanda mpaka niione cheni mwenyewe. Nifundishe."

Nikamfundisha. Alijifunza vizuri kuliko mimi, maana alikuwa na sababu. Kuna asubuhi nilimwambia nimeshapima, tupande. Akapiga magoti kwenye umande na kanga yake, akazungusha gurudumu taratibu, akasimamisha vidole. "Oya. Hapa pagumu umeparuka." Nikagusa, kweli. Nilikuwa nimepima mahali palipolegea nikaondoka. Tulichelewa nusu saa siku ile kwa ajili ya vidole vyake, na nilishukuru. Akapanda, akasema, "Twende sasa," na mapajani mwake kulikuwa na mfuko wa mahindi mabichi.

Habari za wale wanaomtania, nilimwuliza kama nikuambie wewe ukweli. Hapo ulikuwa chuoni bado. Akasema, "Waache wacheke, wanazeeka. Ila mwanao mwambie mwenyewe, usimwachie mtu." Ndiyo yale macho ya Jumapili.

Sikuandikii ili unione mbaya, wala ili uniambie mama hakuna tatizo. Unaanza kazi. Utakuwa bibi shamba wa watu ambao hawakujui, wenye mashamba waliyolima kabla hujazaliwa. Utawaambia wapande hivi, wasipande vile, na kuna msimu utakosea. Mahindi ya mtu yataharibika kwa ushauri wako. Na atasimama pale mtu mwema, mwenyekiti au jirani, atakupa sababu nzuri ya bure, mvua, mbegu, au uvivu wa mwenye shamba. Itakuwa tayari imeiva, ya kupokea tu. Mimi najua inavyokuwa tamu wakati ule. Sina cha kukukinga nayo ila kukuambia kwamba niliipokea, na ilinichukua msimu mzima kuirudisha.

Nimalizie, maana nasikia baba yako anaanza kulifungua begi tena.

Leo saa nane, ulipoondoka tu, nilikwenda kuitazama pikipiki uliyopewa na baba yako. Najua jana uliirekebisha cheni mwenyewe, nilikuona ukiimba. Niligusa. Nikazungusha gurudumu, nikagusa tena. Kwa vidole vyangu, imekaza mno. Nilikwenda ndani nikachukua spana, nikarudi, nikailegeza ile nati kubwa nusu mzunguko. Halafu nikaikaza tena kama ulivyoiacha, nikairudisha spana mahali pake. Gwarama hakuna mimi wa kupita nyuma yako uani.

Kwa hiyo kesho kukipambazuka, kabla hujafunga begi nyuma, nitakaa mimi kwenye kiti na baba yako atakaa nyuma yangu, na wewe utapiga magoti upime. Chukua muda wako, Kibondo haihami. Na ukikuta iko sawa, kwamba ni vidole vya mama yako ndivyo vimekosea, sema kwa sauti, hapo hapo, nisikie.

Mama yako anayekupenda,
Zuhura